Toleo jipya lisiwe adhabu kwa zahanati za mashinani

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hiyo hutajwa sana watu wanapozungumza juu ya mavazi, magari na hata vyama vya siasa, lakini ni nadra kuisikia mintarafu ya programu za tarakilishi. Ajabu ni kuwa pengine hakuna uwanja mwingine ambamo upya huabudiwa kama humo. Tangu mwaka 2018, kwa mfano, lugha ya kuandikia programu iitwayo Java imekuwa ikitolewa toleo jipya kila baada ya miezi sita. Kila namba mpya inapotangazwa, vijana wa taaluma hiyo huikimbilia, na yeyote anayebaki na toleo la zamani huonekana mzembe aliyelala wenzake wakiamka.

Nia yangu katika makala haya ni kuwatetea hao wanaodhaniwa kuwa wamelala. Nataka kuzungumzia kazi moja ambayo husifiwa na wachache na kufanywa na wachache zaidi, nayo ni kazi ya kufungasha moduli za programu kwa namna inayoziwezesha kutumika katika matoleo mengi ya lugha moja. Huenda msomaji akauliza jambo hilo lina uhusiano gani na sisi wakazi wa Eldoret, jiji la mahindi, maziwa na wanariadha. Uhusiano upo, tena mkubwa, kwa kuwa afya ya maelfu ya watu wa eneo hili hutegemea rekodi zinazotunzwa na programu ambayo asili yake ni hapa hapa.

Yafaa tukumbushane historia hiyo kwa ufupi. Mnamo mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kilichoko Nandi, kusini mwa Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwa tarakilishi. Mfumo huo ulijengwa kwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini. Licha ya udogo wake, ulizaa matunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba muda ambao mgonjwa alitumia kituoni ulipungua kwa asilimia 22.

Mwaka huo huo wa 2001 ndio ulioanzishwa mpango wa AMPATH, unaoviunganisha vyuo hivyo viwili na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ili kukabiliana na janga la Ukimwi. Wagonjwa waliongezeka kwa kasi, na mfumo uliotosha kituo kimoja ukalemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, walifika Eldoret kuutazama, wakaamua kwamba kuutia viraka hakungefaa. Wakiungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, waliweka msingi wa mfumo mpya ulioitwa OpenMRS. Uliandikwa kwa Java, na msimbo wake ukaachwa wazi ili yeyote autumie bila malipo. Mnamo Februari 2006 Eldoret ikawa mahali pa kwanza ulipoanza kutumika. Tangu hapo umeenea katika zaidi ya nchi 40, na mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vingi vya afya humu nchini umejengwa juu ya msingi huo huo.

Waasisi wa OpenMRS walitambua mapema kwamba mahitaji ya hospitali ya rufaa si sawa na ya zahanati, wala ya Kenya si sawa na ya Rwanda au Haiti. Kwa hivyo waliugawa mfumo wao sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kiini, ambacho huhifadhi yale ya lazima kwa kila mahali: mgonjwa, ziara, kipimo, dawa. Sehemu ya pili ni moduli, yaani vifurushi vidogo ambavyo kila mahali huweza kujiongezea kulingana na haja. Moduli moja hutengeneza fomu za kujazwa na muuguzi, nyingine hutoa ripoti, nyingine huuwezesha mfumo kuzungumza na programu za nje. Kila moduli hufungashwa katika faili moja ambayo jina lake huishia kwa herufi omod. Msimamizi wa seva huipakia faili hiyo, na ikiwa mambo yote yako sawa, huduma mpya huanza.

Lakini maneno hayo, ikiwa mambo yote yako sawa, yamebeba uzito mkubwa. Ndani ya kila kifurushi mna waraka mdogo wa maelezo unaotaja jina la moduli, namba yake, moduli nyingine inazozihitaji, na toleo la kiini inalolitegemea. Kiini huusoma waraka huo kabla ya kufungua mlango, na kikiona kwamba hakifikii toleo linalotakiwa, hukataa. Huo ni ukaguzi wa kwanza. Ukaguzi wa pili hufanywa na Java yenyewe.

Namna ukaguzi huo unavyofanyika inastahili kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mwandishi wa programu akishaandika msimbo wake, huutafsiri kuwa faili ambazo mashine inaweza kuziendesha. Kila faili ya Java iliyotafsiriwa huanza na baiti nne ambazo, zikiandikwa kwa hesabu ya misingi ya kumi na sita, husomeka CAFEBABE. Baada ya alama hiyo hufuata namba inayoeleza faili ilitafsiriwa kwa ajili ya toleo gani. Namba 50 ni Java 6 ya mwaka 2006, namba 51 ni Java 7 ya mwaka 2011, na namba 52 ni Java 8 ya mwaka 2014. Seva yenye Java 6 ikikuta namba 52 haijaribu hata kidogo. Hutoa ujumbe wa makosa na kuiacha moduli nje, hata kama ndani yake hamna sentensi moja ambayo Java 6 isingeielewa.

Je, si rahisi basi kuiweka Java mpya katika seva ya zahanati? Laiti ingekuwa hivyo. Matoleo ya kale ya OpenMRS yalifungamana na maktaba za msimbo zilizotungwa kabla ya Java 8, ambazo hazikuweza kuzisoma faili zake. Ukiibadilisha Java, kiini kinakwama. Ukitaka kiini kisikwame, huna budi kukibadilisha nacho, na ukikibadilisha kiini, baadhi ya moduli zako za zamani hazitafanya kazi tena. OpenMRS 2.0 ilipotolewa mwaka 2016 ikidai Java 8, kituo kilichotaka moduli moja tu mpya kilijikuta kikitakiwa kuhama nyumba nzima, na kuhama nyumba ambamo kumbukumbu za wagonjwa zimehifadhiwa kwa miaka si kazi ya alasiri moja.

Wako wanaosema kuwa vituo vinavyobaki nyuma vina uvivu wa kubadilika. Kauli hiyo hutolewa na watu ambao hawajaona jinsi kazi inavyofanyika mashinani. Kituo cha afya kilicho mbali na mjini aghalabu huwa na seva moja, pengine tarakilishi ya kawaida iliyopewa kazi ya seva. Umeme hupotea bila taarifa. Fundi anayevihudumia vituo kadhaa hufika kwa zamu, na kupakua faili kubwa kwa intaneti ya simu ni gharama. Zaidi ya hayo, wauguzi waliokwisha kuzoea fomu fulani huogopa, kwa haki kabisa, kwamba mabadiliko ya ghafla yataivuruga foleni ya wagonjwa wanaosubiri tangu alfajiri. Mtu mwenye busara katika hali hiyo huhesabu mara mbili kabla ya kugusa kitu kinachofanya kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na hasara ya moduli kukataliwa si hasara ya mafundi pekee. Utafiti uliofanywa katika kliniki za AMPATH na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vikumbusho vilivyoandaliwa na tarakilishi na kuwafikia matabibu viliwafanya waagize kipimo cha CD4 kwa wagonjwa waliokistahili mara nyingi zaidi kuliko pale ambapo vikumbusho havikuwepo. Hicho ni kipimo cha nguvu za mwili za kujikinga na maradhi, na mgonjwa wa Ukimwi aliyekikosa aliweza kukosa pia dawa iliyomfaa. Sasa fikiria moduli inayotoa vikumbusho kama hivyo inanyamaza kwa sababu ya namba 52 badala ya 50. Hakuna atakayepiga yowe. Karatasi itatoka bila kikumbusho, tabibu ataendelea na mgonjwa anayefuata, na siku itapita kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa bahati njema, njia za kuepuka balaa hilo zinajulikana, na waandishi wa programu wazoefu wamezitumia kwa miaka mingi. Nitazitaja tatu.

Njia ya kwanza ni kuandika kwa kulenga toleo la chini kabisa ambalo bado linatumika. Mwandishi anaweza kuwa na Java mpya katika tarakilishi yake na bado akaiamuru itoe faili zenye namba ya zamani. Hapa pana mtego mmoja. Kwa miaka mingi amri iliyotumika iliibadilisha namba tu, bila kuchunguza kama mwandishi amezitumia huduma ambazo hazikuwepo katika toleo la zamani. Moduli ilipita ukaguzi wa mlangoni kisha ikaanguka ndani, mbele ya muuguzi. Java 9 ya mwaka 2017 iliziba ufa huo kwa kuleta amri inayochunguza yote mawili kwa pamoja. Lakini hata njia hii ina mwisho, kwani Java 20 ya mwaka 2023 haiwezi tena kutoa faili za Java 7.

Njia ya pili ni kutoa vifurushi viwili au vitatu vya moduli ile ile, kila kimoja kwa toleo lake. Njia hii ni nyepesi kuielewa, lakini huutwika mzigo mtu asiyestahili kuubeba. Fundi wa zahanati ndiye anayelazimika kujua ana toleo gani na achague kifurushi kipi, na akikosea, lawama ni zake. Isitoshe, kosa likigunduliwa katika kimoja ni lazima lisahihishwe katika vyote, na mara nyingi kile cha zamani husahauliwa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona bora, nayo ni kutengeneza kifurushi kimoja chenye vyumba. Ndani yake msimbo unaofaa matoleo yote huwekwa sebuleni, na ule unaohusu toleo moja tu hutengewa chumba chake. Kifurushi kinapopakiwa, hutambua kimefika katika nyumba ya namna gani na kufungua chumba kinachofaa. Wanaoitunza OpenMRS wamefanya hivyo waziwazi. Moduli yao ya kuzungumza na programu za nje imegawanywa katika sehemu ya pamoja na sehemu nyingine za toleo la 1.8, la 1.9, la 1.10, na kuendelea hadi matoleo ya 2. Moduli ya fomu imejengwa kwa mtindo huo huo. Msimamizi wa seva hupakia faili moja tu, na yaliyobaki hayamsumbui. Java yenyewe iliukubali utaratibu wa aina hiyo katika toleo la 9, ilipoviruhusu vifurushi vyake viwe na hazina ya ndani yenye faili za matoleo mbalimbali. Java za kale hazitambui hazina hiyo, hivyo huipita na kutumia zile faili za kawaida.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Java peke yake. Lugha ya Python, ambayo leo hufunzwa katika vyuo vyetu vingi, ilipitia mtihani mgumu zaidi. Python 3 ilipotolewa Desemba 2008, haikuweza kuisoma sehemu kubwa ya msimbo uliokuwa umeandikwa kwa Python 2. Hatari zaidi ni kwamba mambo mengine yalisomeka katika zote mbili lakini kwa maana tofauti. Chukua hesabu ndogo ya dozi. Katika Python 2, ukigawa miligramu 75 mara 2 kwa alama ya kawaida ya kugawa, unapata 37, kwa kuwa nusu hutupwa. Katika Python 3 unapata 37.5. Hakuna ujumbe wa makosa katika lolote kati ya hayo mawili. Mtu aliyebadilisha toleo bila kupima angekuwa na dawa nyingine mkononi na asijue.

Walimwengu wa Python walijifunza kwa taabu. Mwanzoni ilipangwa kuwa Python 2 ingeachwa mwaka 2015, lakini mwaka 2014 ikadhihirika kwamba watu wengi mno hawajahama, na muda ukasogezwa hadi Januari 1, 2020. Katika miaka hiyo ya mpito ilitumika maktaba ndogo iliyopewa jina la tarakimu sita kwa Kiingereza, kwa kuwa mbili mara tatu ni sita. Kazi yake ilikuwa kumwezesha mwandishi kuandika msimbo mmoja uendeshwe na lugha zote mbili. Vifurushi navyo vikaanza kuandikwa kwenye jina la faili kama vinafaa toleo la pili, la tatu, au yote mawili. Miaka 11 ilipita kati ya kuzaliwa kwa Python 3 na kuzikwa kwa Python 2. Hilo ni funzo kwa yeyote anayedhani kwamba watu huhama kwa kuamriwa.

Mabadiliko ya maana niliyoyataja kuhusu Python yametokea pia katika OpenMRS. Toleo la 1.10 la mwaka 2014 lilibadilisha kwa kiasi kikubwa jinsi maagizo ya dawa yanavyohifadhiwa. Zamani idadi ya mara ambazo mgonjwa anatakiwa kumeza dawa kwa siku iliandikwa kama maneno tu. Katika mpangilio mpya, jambo hilo likawa chaguo kutoka orodha maalumu inayoeleweka na mashine. Bila shaka hayo yalikuwa maendeleo mazuri. Lakini moduli iliyoandikwa kwa mpangilio mmoja haiwezi kuelewa ule mwingine pasipo mtu kukaa na kuandika, kwa uangalifu, chumba cha kila toleo. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba kufungasha si kazi ya karani wa mwisho anayefunga kamba. Mfungashaji ndiye anayeamua kama agizo la tabibu wa zahanati litafika kama lilivyokusudiwa.

Sisi Wakenya hatukosi mfano wa hali hii katika mambo mengine. Kati ya mwaka 2019 na 2023 shule zetu za msingi zilikuwa na wanafunzi wa mitaala miwili katika ua mmoja, wale wa 8-4-4 na wale wa mtaala wa umilisi. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mtoto wa darasa la saba atupwe kwa kuwa mtaala wake ni wa zamani. Vitabu vya wote wawili viliendelea kuwepo, walimu wakajifunza kuvuka kutoka darasa moja hadi jingine, na mwaka wa mtihani wa mwisho wa KCPE ukajulikana mapema. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini angalau mpito ulikuwa na tarehe. Mbona basi tukubali kwamba katika afya, mpito uwe wa kushtukiza?

Sharti niwatendee haki wenye maoni tofauti. Hoja yao ya kwanza ni usalama. Matoleo ya kale huachwa bila kuzibwa mianya yake. Kampuni ya Oracle ilikoma kutoa marekebisho ya bure kwa Java 6 mwaka 2013 na kwa Java 7 mwaka 2015. Kumruhusu mtu aendelee kutumia Java hiyo, wanasema, ni kumruhusu alale na mlango wazi huku rekodi za siri za wagonjwa zikiwa ndani, wakati Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 zinadai siri hizo zilindwe. Hoja yao ya pili ni gharama. Moduli inayokubali matoleo manne ya kiini na matatu ya Java ina michanganyiko 12 ya kupimwa kila inapoguswa. Waandishi ni wachache na wengi hujitolea.

Hoja zote mbili ni za kweli, lakini haziwezi kutufikisha pale wanapotaka kutupeleka. Kuhusu usalama, kuinyima zahanati moduli mpya hakuifungi milango yake. Java yake ya zamani inabaki pale pale, isipokuwa sasa inakosa pia huduma. Aliye na wasiwasi wa kweli juu ya mlango wazi ampelekee mwenye nyumba kufuli na fundi, asiondoke na taa. Kuhusu gharama, upimaji wa michanganyiko 12 hufanywa leo na mashine zenyewe usiku kucha, mradi mtu awe ameandika vipimo. Na hata gharama inapobaki, swali ni nani ailipe. Mwandishi mmoja asipotumia siku tatu kuandaa chumba cha toleo la zamani, mafundi wa vituo vingi watatumia kila mmoja siku zake kuhangaika. Jumla ya siku hizo ni kubwa kuliko tatu, na hutolewa na watu wasio na nafasi wala ujuzi wa kazi hiyo.

Sisemi kwamba toleo la kale liungwe mkono milele. Hilo lingekuwa kosa la upande wa pili. Ninachodai ni utaratibu wenye tarehe, na ningependa kupendekeza mambo manne kwa wahusika.

Kwanza, kila moduli inayonunuliwa au kuandikwa kwa fedha za umma iandikwe waziwazi inakubali matoleo gani ya lugha na ya kiini, na hadi lini. Hatununui dawa isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Programu inayopanga dawa hiyo isidaiwe machache zaidi.

Pili, serikali za kaunti zenye dhamana ya zahanati na vituo vya afya ziwe na orodha kamili ya matoleo yanayotumika katika kila kituo. Huwezi kutangaza mwisho wa toleo bila kujua ni nani bado analitumia. Orodha hiyo ni kazi ya majuma machache, nayo ndiyo ingewaambia waandishi ni vyumba gani vya kuvihifadhi na vipi vya kuvibomoa.

Tatu, toleo linapotakiwa kuachwa, notisi itolewe angalau miaka miwili kabla, na fedha za kuhama zitengwe pamoja na notisi hiyo. Notisi pasipo fedha ni hukumu. Haja hii imekuwa kubwa zaidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kuitikisa miradi mingi ya afya, ya Kenya ikiwemo. Tukio hilo lilituonyesha kwamba haifai kutarajia mfadhili awepo daima kulipia kila uhamiaji. Moduli iliyofungashwa vizuri humpa mwenye kituo nafasi ya kuhama kwa uwezo wake, wakati anaouweza.

Nne, vyuo vyetu vifundishe kazi hii. Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret na vyuo vya ufundi vya hapa mjini vinatoa vijana wengi wanaojua kuandika programu. Lakini mradi wa mwanafunzi aghalabu huishia katika tarakilishi yake mwenyewe, yenye toleo alilolipakua juzi. Ukifanya kazi hapo, anapewa alama na kuhitimu. Ningependa kuona mtihani ambapo mwanafunzi anaambiwa aifungashe moduli yake, kisha mwalimu anaipakia katika seva tatu za umri tofauti, bila intaneti, na alama zinatolewa kulingana na seva ngapi zimeipokea. Kijana aliyefuzu mtihani wa aina hiyo ataajiriwa Eldoret, Kampala au Kigali, kwa maana OpenMRS iko kote huko na shida ni ile ile.

Kazi hii haina fahari. Anayeifanya vyema hasikiki, kwa kuwa ishara ya kufaulu kwake ni kwamba muuguzi hakugundua chochote. Alifungua fomu asubuhi kama jana, na kikumbusho kikatoka. Lakini mji uliokuwa wa kwanza kuupokea mfumo huu mwaka 2006 una wajibu wa kuwa wa kwanza pia katika kuutunza kwa namna isiyomwacha mtu njiani. Ni matumaini yangu kwamba wakuu wa kaunti, wa hospitali na wa vyuo watalitazama suala hili kabla ya toleo lijalo kutangazwa, maana litatangazwa, na kwa desturi ya miaka hii halitachelewa zaidi ya miezi sita.